Macho mekundu, yule mnene wa Australia, au huyu wetu wa bafuni: uchukue chura yupi?

Wiki iliyopita mpwa wangu anayesoma Uturuki kanitumia voisi ya dakika nne saa saba usiku, mi moyo ukaenda mbio nikajua kuna msiba, kumbe dogo anauliza afuge chura gani. Kuna duka karibu na hosteli yao lina vyura wa mtini wa aina mbili, yule wa kijani mwenye macho mekundu ambaye kila mtu kamwona kwenye kalenda na kwenye walpepa za simu, na mwingine mnene mnene wa Australia anayeonekana kama anacheka muda wote. Bei zinakaribiana. "Mjomba we si ulishafanya hiyo kazi kule Leipzig, niambie nichukue yupi, nisije nikaua kiumbe cha watu."

Sasa siku mbili kabla ya hiyo voisi mtoto wa jirani hapa Isevya alikuja na ndoo ya rangi imefunikwa na kipande cha khanga, ndani kuna chura mweupe kama chaki, kamtoa nyuma ya dirisha la stoo, anadhani anaumwa ndo maana kapauka, na anataka amfuge. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote wawili na kwa wengine mnaoniulizaga, maana nikijibu mmoja mmoja kwa voisi bando litaisha.

Niseme kwanza nimeyatoa wapi haya. Nilipokuwa nasoma Leipzig nilikuwa nafanya kazi za wikiendi kwenye duka la wanyama wa kufuga, miaka miwili, kona ya nyuma kabisa yenye vyura na mijusi. Mi ndo nilikuwa naosha matanki, nalisha, nafuga nyenje wa chakula (harufu ya boksi la nyenje mia tano ukishaizoea hakuna choo cha shule kitakachokutisha tena). Nimerudi Tabora, na hapa nilipopanga kuna chura wa povu anaishi bafuni kwangu kwa hiari yake. Kwa hiyo hawa watatu nawajua kwa kuishi nao.

Tuanze na sura, kwa sababu hapo ndo watu wengi wanapotekwa.

Yule wa macho mekundu jina lake la kitaalamu ni Agalychnis callidryas, kwao ni misitu ya Amerika ya Kati, kuanzia kusini mwa Meksiko kushuka mpaka Panama. Dume kama sentimita 5, jike anafika 7. Picha unazoziona ni za kweli kabisa: mgongo kijani, ubavuni bluu na mistari ya njano, miguu ya rangi ya chungwa, na hayo macho. Ila picha haikwambii kwamba mchana kutwa hauoni chochote kati ya hivyo. Mchana kajibandika kwenye jani, kakunja miguu yote chini ya tumbo, kafunga macho, amekuwa uvimbe wa kijani ukubwa wa ndimu. Wateja walikuwa wanasimama mbele ya kioo dakika tano wananiambia tanki liko tupu. Mi nilikuwa nawaonesha kitu kimoja tu: sogea polepole mpaka pua iguse kioo, angalia lile jicho lililofungwa, utaona halijafungwa na nyama, lina utando mwembamba wenye nyuzi za dhahabu zimesukwa kama pazia, na nyuma yake wekundu unaonekana kwa mbali. Ukimshtua anafungua yote mara moja, macho, miguu, ubavu, rangi zote zinakurukia, adui anazubaa sekunde moja na yeye keshaondoka. Kwa hiyo urembo wake ni silaha. Ukitaka kuuona kila siku maana yake umshtue kila siku, na huo sio ufugaji.

Yule mnene ni Ranoidea caerulea, vitabu vya zamani vinamwita Litoria, kwao Australia na Guinea Mpya. Alielezewa na daktari aitwaye John White mwaka 1790 kwa hiyo Wazungu wengi wanamuita kwa jina la huyo bwana. Anafika sentimita 10, anajaa kiganja. Rangi inabadilika badilika, kijani cha ndizi mbichi, saa nyingine kahawia, saa nyingine kama bluu. Mzuri? Mi nasema anapendeza kama babu aliyeshiba. Ana mikunjo ya nyama juu ya macho na juu ya masikio, mdomo mpana umepinda juu, na anakaa tu. Unafungua mlango wa tanki anakaa, unapitisha mkono kuokota kinyesi anakaa, unahamisha bakuli la maji anakutazama kama unamchelewesha. Yule mwekundu kwa vitu hivyo hivyo anaruka, anagonga pua kwenye kioo, na pua iliyochubuka kwa chura ni mlango wa ugonjwa.

Kwa hiyo kwa sura mwekundu anashinda, kwa kuishi naye chumba kimoja mnene anashinda mapema kabisa.

Hewa, hapa ndo penye kesi

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi, anayavuta kwa ngozi, hasa ile ya tumboni na mapajani, na ngozi hiyo hiyo inayoingiza maji ndo inayoyatoa. Ukimuweka kwenye hewa kavu unamkausha kama dagaa kwenye kichanja, tofauti ni kwamba haoneshi, anakaa kimya tu mpaka siku anaanguka. Ndo maana swali la kwanza sio bei wala rangi, swali la kwanza ni chumba chako kina hewa gani.

Mwekundu ni mtoto wa msitu wa mvua. Anataka unyevunyevu wa asilimia 60 mpaka 80, usiku upande zaidi, joto la mchana 24 mpaka 28, usiku lishuke kidogo lisipite chini ya 20 hivi. Mnene yeye kwao kuna kiangazi cha ukweli, ngozi yake ina kama mafuta mafuta fulani, asilimia 50 au 60 zinamtosha, na usiku ukishuka mpaka nyuzi 18 anavumilia. Ukisoma kwenye karatasi unaona tofauti ndogo. Mi nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Ijumaa moja jioni zamu ya kujaza maji kwenye pampu ya kupulizia ilikuwa yangu, nilikuwa nawahi treni, nikasahau. Wikiendi ile duka lilifungwa, hita zinawaka maana ilikuwa Januari. Jumatatu nafungua, wekundu wawili wamekauka kwenye jani, wamekuwa wepesi mkononi kama maganda ya karanga. Tanki la pembeni, pampu ni hiyo hiyo moja, wanene watatu wamebanana kwenye bakuli la maji kama abiria wa daladala wananiangalia. Hawakuwa na shida yoyote. Mwenye duka hakunifukuza, alinikata mshahara, na alikuwa na haki.

Dogo sasa fikiria hosteli yako. Baridi ikianza mtawasha hita, hita inakausha hewa mpaka midomo yenu inapasuka, na we mwenyewe unasema mnaenda Istanbul wikiendi. Nani atapulizia maji asubuhi na jioni?

Na kwa walioko hapa Tabora wanaoniambia wataagiza mwekundu kutoka nje, hebu tuongee kama watu wazima. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, mvua inakata mwezi wa nne au wa tano na kurudi ni Novemba. Hapo katikati kuna Juni na Julai ambapo usiku unalala na blanketi mbili, halafu Septemba na Oktoba joto linapita nyuzi 30 na hewa kavu mpaka vumbi linaingia kwenye friji. Umeme ukikatika saa sita mchana Oktoba, pampu imesimama, feni imesimama, kioo kimekuwa oveni. Yule mnene utahangaika naye ila atafika Novemba. Mwekundu utamzika.

Chakula

Wote wawili wanakula wadudu hai. Nyenje ndo chakula kikuu, mende wa kufuga nao wazuri, wadudu wenyewe uwalishe vizuri karoti na mbogamboga siku moja kabla, halafu uwatingishe kwenye kikombe chenye unga wa kalisiamu ndo uwape. Bila kalisiamu mifupa inalainika, taya linakuwa kama la mpira, niliona mmoja aliletwa na mteja hawezi hata kufunga mdomo. Kipimo cha mdudu: asizidi upana wa kati ya jicho na jicho la chura.

Mwekundu anakula kinachotembea tu, na usiku, na kwa aibu. Unaachia nyenje jioni, unazima taa, asubuhi unahesabu waliobaki na unawatoa maana nyenje mwenye njaa anamng'ata chura aliyelala. Kazi hiyo kila baada ya siku mbili hivi.

Mnene unamlisha kwa koleo. Unashika nyenje mbele yake, anageuza kichwa polepole, anatulia, halafu anajirusha mzima mzima kama gunia, ulimi umeshanata. Kinachofuata ndo kilikuwa kinajaza watoto dukani: anafumba macho na macho yenyewe yanazama ndani ya kichwa, yanapotea kabisa, kwa sababu vyura wanatumia mboni za macho kusukumia chakula kooni. Anafumbua, anameza tena, macho yanazama tena. Mara tatu nne. Halafu anakaa kama hakuna kilichotokea.

Shida yake ni hiyo hiyo, hakatai. Ukimpa kila siku atakula kila siku, na ile mikunjo juu ya macho inaanza kuning'inia mpaka anashindwa kuona. Mkubwa mlishe mara mbili, sana sana tatu kwa wiki, hata akikuangalia kwa huruma. Kwa mtu kama mpwa wangu ambaye hawezi kuona paka wa jirani akapita bila kumpa samaki hilo ni onyo.

Kwa sisi wa huku chakula kina msimu. Mvua za kwanza taa ya nje moja inakuletea kumbikumbi na nondo wa kulisha kijiji, Julai unazunguka na tochi unapata panzi mmoja. Halafu kuna jambo ambalo watu wa mikoa mingine hawalifikirii: sisi ni watu wa tumbaku. Panzi wa shambani au wa karibu na shamba la tumbaku anaweza kuwa na dawa ya kuulia wadudu mwilini, yeye bado hajafa ila chura atakayemla anaweza kufa. Vivyo hivyo wadudu wa ndani ya nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu. Ukitaka chakula salama fuga nyenje wako mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, ndo tunarudi kwenye harufu niliyoisema.

Maji, mikono na mambo mengine ya haraka

Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia ya mvua yaliyotoka kwenye bati safi. Zingatia kwamba miji mingine wanatia klorini ya aina isiyopeperuka, kule itabidi ununue dawa ya kuikata. Mikono osha kabla na uioshe na sabuni baada, kabla ni kwa ajili yake maana lotion yako na dawa ya mbu zinapita kwenye ngozi yake, baada ni kwa ajili yako maana wanabeba salmonela. Kumshikashika sio mapenzi, kwa mwekundu ni marufuku kabisa, kwa mnene dakika mbili tatu mara moja moja mikono ikiwa imelowa.

Tanki lao liwe la kwenda juu, hawa ni watu wa mitini sio wa chini. Sentimita 45 kwa 45 na urefu wa 60 linatosha wekundu wawili au watatu, mnene nae hapo hapo mmoja au wawili wanaolingana ukubwa, maana akipata mwenzake mdogo anammeza, sio utani. Chini weka makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ndani matawi na mmea, manipulanti inatosha na haifi hata uitukane.

Kelele: dume mwekundu anatoa "chok" moja moja, unaweza kulala. Dume mnene anakoroma, na kwao Australia anapenda kuingia kwenye mabomba ya mifereji na matanki ya maji ili sauti iwe kubwa zaidi. Anaitika mvua, anaitika mashine ya kufagilia, pale dukani alikuwa anaitika pikipiki.

Umri nao usiupite haraka. Mwekundu miaka mitano hivi, akitunzwa vizuri sana anasogea kuelekea kumi. Mnene miaka kumi na tano ni kawaida na wapo wanaofika ishirini. Dogo we uko mwaka wa pili, ukimchukua yule mnene kuna uwezekano atakuwepo unalipa ada ya mwanao wa kwanza. Jiulize unarudije naye nyumbani, na jibu ni kwamba hurudi naye, kwa hiyo ujue kabisa utamwachia nani.

Kitu kingine kuhusu huyo mnene ambacho mi hunifurahisha: kwenye ngozi yake wanasayansi walitoa kemikali inaitwa seruleini, jina limetokana na jina lake, hospitali zimeitumia kupima kazi ya kongosho na kibofu cha nyongo. Chura wa watu kakaa zake kwenye bomba la mfereji, kumbe ni famasi.

Huyu wetu

Sasa turudi kwa mtoto wa jirani na ndoo yake. Yule chura hakuwa anaumwa. Ni chura wa povu, Chiromantis xerampelina, anapatikana savana na miombo kuanzia huku Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini, jike anafika kama sentimita 8. Weupe wake ni kinga. Jua likiwaka anajigeuza mweupe ili mwanga udunde, usiku anarudi kijivu au kahawia kama gome la mti. Nilimwambia dogo tuweke ndoo kwenye kivuli tusubiri, saa mbili usiku tumefungua ndani kuna chura wa rangi ya gome, dogo kanitazama kama nimembadilishia.

Ukimlinganisha na wale wawili wa dukani, kwa mambo ya hewa hawamfikii hata kwa bahati mbaya. Ngozi yake haipotezi maji ovyo, na mkojo wake hautoki maji maji, anatoa uchafu mwingi kwa njia ya asidi ya yuriki, ile kitu nyeupe kama ya ndege na mijusi, ili asipoteze maji. Anakaa juani, mchana, Oktoba, Tabora. Mwekundu ungemuweka hapo jioni humkuti.

Na kwa maajabu ya kuzaa mi naona anamshinda hata mwekundu ingawa mwekundu nae sio mchezo. Mwekundu anataga mayai kwenye jani lililoinamia maji, viluwiluwi vikitotolewa vinadondoka majini, na nyoka akija kula mayai yale yaliyobakiza siku chache yanahisi mtikisiko yanajitotoa muda ule ule na kuruka kabla ya wakati. Wa kwetu kafika jibu lile lile kwa njia yake. Mvua zikikolea jike anapanda tawi juu ya dimbwi, anatoa ute, yeye na madume kadhaa wanaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka unakuwa povu kama la sabuni, mayai ndani. Katikati ya kazi anashuka kuloweka mwili kisha anarudi kuendelea. Nje povu linakauka kuwa gamba, ndani kunabaki majimaji, baada ya siku tano hivi viluwiluwi vinadondoka. Mwaka jana Januari lilitundikwa moja juu ya simtanki letu la uani, ukubwa wa ngumi mbili, jirani mmoja akagomba kwamba kuna mtu kafua akaacha povu kwenye maji ya watu. Yule mnene? Anataga majini kama chura wa kawaida tu.

Kuna vyura wengine wa kwetu watu wananiuliza, wale wadogo wa matete, sentimita mbili tatu, wenye madoa mazuri na mlio kama shanga za kioo zinagongana. Hao waache kwenye matete. Wadogo mno, wanataka wadudu wadogo mno, wanapita kwenye upenyo wowote.

Kwa hiyo mbona nisimwambie mtoto amfungie yule wa povu kwenye boksi? Sababu ya kwanza sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kumkamata na kumfungia mnyama wa porini ni jambo la kibali, na kwa wale wanaowaza biashara, mwaka 2016 serikali ilisimamisha kabisa kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Hata yule mwekundu jamii yake nzima iliingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2010, kwa hiyo dogo huko uliko dai karatasi, na uliza kama kazaliwa kwenye ufugaji. Wa kuzaliwa kwenye tanki anakula vizuri na hana minyoo ya msituni.

Sababu ya pili ni kuvu. Kuna kuvu ya ngozi ya vyura inaitwa kitridi, imepunguza aina zaidi ya 500 duniani na 90 hivi zimetoweka, na imesambaa sana kwa hii hii biashara ya kusafirisha vyura. Sisi Watanzania tuna kidonda chetu, chura wa Kihansi. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, hakuna pengine duniani, bwawa la umeme likapunguza maji, halafu kuvu hiyo ikaonekana, mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliyebaki alibaki kwa sababu mwaka 2000 mia tano hivi walikuwa wamepelekwa Marekani kufugwa, wajukuu wao ndo waliorudishwa. Kwa hiyo ukishamchoka chura wa dukani usimwachie bustanini, na maji ya tanki usiyamwage mtaroni, mwaga mahali pakavu mbali na maji. Na yule wa nje usimchanganye na wako.

Sababu ya tatu ni bibi mwenye nyumba wangu. Miezi ya kwanza nilipohamia, usiku kama saa nne niko bafuni nimepanda kwenye stuli, tochi mdomoni, koleo mkononi lina nyenje, namlisha chura aliyekaa juu ya dirisha, mlango haukufungwa vizuri. Bibi kaja kuchota maji. Kasimama. Nikashuka, shikamoo bibi. Hakuitika. Mi nikajua hapa kodi imeisha, kesho nitaambiwa nimeleta mambo ya usiku kwenye nyumba ya watu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo unamlisha wa nini?" Nikaanza kujieleza Leipzig, duka, nyenje. Kanikatisha. "Huyo alikuwepo kabla ya wewe. Anakula wadudu wa kwenye taa. We ukimzoesha kijiko, ukihama nani atamlisha?" Kachota maji yake kaondoka.

Sijamlisha tena. Ninachofanya ni taa ya nje ya bafu naiwasha saa moja mpaka saa tatu wadudu waje, sipulizii dawa humo, kuna bakuli la maji kwenye kona, na wavu wa dirisha una kipande hakijapigiliwa. Ndo ufugaji wangu wote, gharama yake ni nyavu na yuniti chache za umeme.

Haya, nimechagua nini

Dogo wa Uturuki: mchukue mnene. Ungekuwa na nyumba yako, pampu ya kupulizia yenye saa, na roho ya kukaa gizani kumwangalia mtu asiyetaka kuangaliwa, ningekwambia mwekundu bila kusita maana usiku wa manane akianza kutembea kwenye tawi, mguu mmoja mmoja kama anapima kamba, hakuna anayemfikia. Ila una hita, rumeti na mitihani. Mnene mmoja, sio wawili.

Wa Tabora unayetaka kuagiza: usiagize. Kama pesa inakuwasha nunua mbao na wavu, tengeneza kidimbwi kidogo chini ya mti uani wenye tawi linaloinama, usitie samaki maana wanakula viluwiluwi, halafu subiri Novemba.

Mtoto wa jirani tulimpeleka na ndoo yake bafuni kwangu usiku ule ule, kafunua khanga mwenyewe. Chura katulia kwenye ukingo wa ndoo, kapanda ukutani kwa vile vidole vyake vya kunata, kafika karibu na yule wangu wa siku zote, wakaachana kama nusu mita, kila mtu na kona yake. Tangu hapo dogo anakuja kila jioni akitoka madrasa, anagonga, anauliza wako wangapi. Jana walikuwa watatu.

Na mpwa kajibu asubuhi hii. Kanitumia video ya sekunde kumi na moja, jitu la kijani limekaa kwenye bakuli la supu la hosteli, nyenje anaingia mdomoni, macho yanazama, yanarudi, yanazama. Chini kaandika: "Mjomba, huyu anakula kama babu Mussa." Tayari ameshalishwa mara mbili leo, nimeona mguu wa nyenje mwingine pembeni ya bakuli.